iPhone iliyotumika au Android mpya? Jibu kwa mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba

Swali: Habari za kazi, fundi. Ninauza dagaa kwa jumla pale mwaloni Kirumba, na mara mbili kwa mwezi ninavuka kwenda Ukerewe kuchukua mzigo. Simu yangu ya Android imechoka, haishiki chaji hata nusu siku. Nimetenga shilingi 600,000. Kijana wangu anasisitiza nichukue iPhone 11 iliyotumika, anasema nyingine zote ni za kubahatisha. Jirani yangu wa kizimba anasema kwa fedha hiyo nichukue Android mpya dukani. Kazi zangu ni kupiga simu, WhatsApp, kupokea na kutuma fedha kwa laini mbili, na kuwatumia wateja picha za dagaa. Nimsikilize nani?

Jibu: Shikamoo mama, na ninashukuru kwa kuzitaja kazi zako moja baada ya nyingine, kwa maana nusu ya jibu imo humo humo. Kwa matumizi hayo ninakushauri uchukue Android mpya, ingawa si kila Android, na ninasema hivyo nikiwa fundi anayezitengeneza simu za aina zote mbili na kuziheshimu. Kijana wako analinganisha majina. Mimi ninaomba tulinganishe vifaa vyenyewe: kimoja ni cha toleo la mwaka 2019 na kimepita mikononi mwa watu usiowajua, kingine kinatolewa kwenye boksi mbele ya macho yako.

Nianze na laini, kwa sababu ndizo zinazobeba riziki yako. iPhone 11 zilizo nyingi zina nafasi moja tu ya kadi, na laini ya pili huingia kwa njia ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayosajiliwa ndani ya simu yenyewe. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China na Hong Kong ndizo zenye nafasi mbili za kadi, kwa hiyo ukiletewa moja, chomoa kile kibebeo cha laini uone kama kinapokea kadi pande zote mbili. Mjini eSIM haina shida. Lakini fikiria uko Ukerewe, simu imezima au kioo kimepasuka, na mvuvi amesimama ufukweni anasubiri malipo yake. Kadi ya kawaida unaitoa, unaiweka kwenye kitochi cha mtu aliye karibu, unabonyeza nyota 150 nyota 00 reli na kumlipa kwa M-Pesa palepale. eSIM haichomoki, na kuihamishia kwenye simu nyingine kunahitaji simu inayoikubali, intaneti, na pengine safari ya kwenda kwenye duka la mtandao husika. Hilo peke yake, kwa mtu anayelipa fedha visiwani, ninaliona kuwa na uzito kuliko ubora wowote wa kamera. Menyu zenyewe za fedha, nikutoe wasiwasi, zinafunguka sawasawa kwenye iPhone na kwenye Android.

Jambo la pili ni betri. iPhone 11 ilitoka kiwandani ikiwa na betri ya mAh 3,110 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), wakati Android nyingi za bei yako zina mAh 5,000. Kampuni ya Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone za kizazi hicho zimeundwa zibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, na simu iliyochajiwa karibu kila siku kwa miaka kadhaa imeshaupita mpaka huo siku nyingi. Ukikuta inaonyesha asilimia 100, uliza betri ilibadilishwa lini na iliwekwa ya aina gani, kisha fungua mipangilio sehemu ya betri uone kama kuna ujumbe unaosema kwamba betri haitambuliki.

Kuhusu maji, kuna iPhone 11 moja iliyoletwa mezani kwangu ambayo sijaisahau. Mwenyewe alikuwa kwenye mtumbwi, wimbi likamrushia maji kidogo tu, na hakujali kwa sababu aliyemuuzia alimhakikishia kwamba simu hiyo haiingizi maji. Ni kweli kwamba ikitoka kiwandani imepimwa kuvumilia kina cha mita 2 kwa dakika 30. Lakini yake ilikuwa imeshafunguliwa na kubadilishwa kioo, na ile gundi nyeusi inayozunguka fremu, ambayo ndiyo inayozuia maji, ilikuwa imerudishwa vipande vipande. Nilipoinua kioo, tone la maji liliteleza pembeni mwa betri, na miguu ya chaji kwenye ubao ilikuwa imeshaanza kuota kutu ya kijani. Hatukuweza kuiokoa. Simu iliyokwisha kufunguliwa usiitegemee kwa maji, na Android ya shilingi 600,000 usiitegemee pia. Ukipanda chombo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Sasa nije kwenye sababu ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni umri wa programu. Mfumo wa iOS 26, yaani programu kuu inayoiendesha iPhone, uliotoka Septemba 2025, unaanzia iPhone 11. iPhone XR na XS zimeachwa nje. Maana yake simu anayoitaka kijana wako ndiyo kongwe kuliko zote zinazoupokea, na zamu ya kuachwa inaielekea. Siku hiyo haitazima, lakini polepole programu zitaanza kuikataa, kama WhatsApp ilivyoziacha iPhone 5s na iPhone 6 mwezi Mei 2025. Upande wa Android hali inatofautiana mno kati ya simu na simu. Samsung, kwa mfano, iliitoa Galaxy A16 ikiwa na ahadi ya miaka 6 ya masasisho, yaani maboresho ya programu yanayotumwa na kampuni, ilhali simu nyingine za bei hiyo hiyo huahidiwa muda mfupi zaidi au haziahidiwi chochote. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja kabla ya yote: simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Akishindwa kujibu, muombe akuonyeshe kwenye mipangilio tarehe ya sasisho la mwisho la usalama.

Hifadhi iwe GB 128 na RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia inapofanya kazi, isipungue GB 4, ingawa 6 ni bora. Soma boksi kwa makini, maana ukiona limeandikwa RAM kubwa kwa bei ndogo, mara nyingi sehemu yake imeazimwa kutoka kwenye hifadhi, na RAM ya kuazima haina kasi ya ile halisi. Picha za dagaa juani zitatoka vizuri kwa kamera yoyote ya bei hii.

Kijana wako ana haki yake pia. iPhone hupiga video nzuri zaidi, huuzika tena bila kupoteza thamani upesi, na si rahisi kuingiziwa programu za ovyo kutoka nje ya duka lake. Mkiamua kuichukua, mwenye nayo aiondoe akaunti yake mbele yenu kabla hamjatoa fedha, kwa sababu iPhone iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine hakuna fundi mwaminifu atakayekufungulia. Na simu yoyote mtakayoichagua, bonyezeni nyota reli 06 reli, mlinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyo kwenye boksi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamenunua bila kuhakiki walibaki na simu zisizopiga wala kupokea.

Simu ya zamani usiifute upesi. Ukihamia Android nyingine, nakala ya WhatsApp iliyohifadhiwa Google Drive itarudi ukiingia kwa akaunti na namba ile ile. Ukihamia iPhone, nakala hiyo haifunguki huko; mazungumzo huhamishwa moja kwa moja kutoka simu hadi simu, zote zikiwa na chaji na zikiwa karibu karibu. Hakikisha oda za wateja wako zote zinaonekana kwenye simu mpya, ndipo uifute ile ya zamani.