Usikubali kufuatiliwa mtandaoni
Kaka wa Kirumba, umeuliza kama kampuni inayokuuzia bando inaona unachoperuzi, maana ulitafuta bei ya injini ya mtumbwi na matangazo ya injini yakakuandama wiki nzima. Inaweza. Anwani ya tovuti ikianza na https, kampuni haisomi yaliyomo, ila jina la tovuti hulijua. (Mara nyingi matangazo hayo hutoka kwa tovuti zenyewe, futa kwanza vidakuzi, yaani vifaili ambavyo tovuti huweka kwenye simu yako ili kukutambua.) Uingereza, kampuni ya simu na intaneti ya BT ilijaribu kwa siri 2006 na 2007 mfumo wa Phorm, uliofuatilia wanachoperuzi wateja ili kuwaletea matangazo, wateja wakapiga kelele, na 2009 ikauweka kando. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wewe na wenzako wa Mwaloni iandikieni kampuni barua ya kukataa kufuatiliwa. Ikinyamaza, lalamikeni kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala ya barua yenye tarehe msiitupe kabisa.