Mkufunzi wa kazi hamfanyii kijana kazi yake

Ndugu uliyeuliza kama kijana mwenye usonji atamtegemea mkufunzi wa kazi, yaani mtu anayemfundisha kazi papo hapo kazini, maisha yake yote: kwa kawaida hapana, kwa sababu katika ajira saidizi, yaani ajira ya kawaida ambayo mtu mwenye ulemavu huifanya akipewa msaada, mkufunzi hukaa naye karibu mwanzoni, kisha hupunguza saa zake kadiri kijana anavyoizoea kazi, ingawa huendelea kupatikana zamu zinapobadilika au msimamizi mpya anapoingia. Msaada wenyewe mara nyingi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye stoo ya hospitali, kwa mfano, agizo la "panga vifaa vizuri" huenda lisimwambie kitu, lakini picha ya rafu iliyokwisha kupangwa, ikibandikwa pembeni mwa rafu hiyo hiyo, humtosha. Wafanyakazi wenzake nao huelekezwa, jambo ambalo waajiri hulisahau upesi. Katika utafiti wa Virginia, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, vijana 21 kati ya 24 waliofunzwa hivyo ndani ya hospitali walipata ajira ya kawaida yenye ujira, ilhali katika kundi lililobaki na huduma za shule pekee alipata mmoja tu kati ya 16. Makundi hayo ni madogo, lakini tofauti hiyo haipuuziki. Kabla ya kukubali nafasi yoyote, uliza nani atamlipa mkufunzi baada ya miezi ya mwanzo.