Mashine ya sidii nyingi: ya sinia, ya kisanduku au ya diski 300?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ujiji, Kigoma. Nina sidii kama 180, nyingi za dansi la zamani, taarabu na kwaya. Baadhi wanangu walinichomea kwenye kompyuta. Amplifaya na spika ninazo, bado nzima. Natafuta mashine inayobeba diski nyingi, ili nikikaa barazani jioni nisiwe mtu wa kuinuka kila baada ya saa moja. Kijana mmoja wa Dar es Salaam ana tatu za mtumba: ya sinia la diski 5, ya kisanduku cha diski 6, na moja inayobeba 300. Anasema hiyo ya 300 ndiyo bora kuliko zote. Nichukue ipi?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Chukua ya sinia.

Ya 300 najua inavutia, maana maktaba yako yote ingeingia na nafasi ikabaki. Lakini wingi wa diski hauongezi chochote kwenye sauti. Sidii ya muziki imerekodiwa kwa kipimo kimoja tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, na jicho linalosoma diski ni moja tu, iwe mashine ya diski moja au ya 300. Kinachoongezeka ni vyuma vya kuzibeba, na hivyo ndivyo vinavyoletwa mezani kwangu hapa Tabora.

Ile kubwa hupanga diski wima kwenye gurudumu, na mkono mdogo huchomoa moja na kuirudisha. Meno ya gia moja yakilika, diski inakwama katikati na mlango haufunguki. Niliwahi kufungua ya namna hiyo nikatumia siku nzima kutoa diski za mwenyewe bila kuzikwaruza, na gia yenyewe hatukuipata. Tena utalazimika kuwa na daftari la namba, hii iko tundu la 47, ile la 112. Na ukitaka kuihamisha, diski zote zitoke kwanza.

Ya kisanduku, ambacho hutolewa nje, hupangwa diski sita na kurudishwa ndani, ni imara kidogo, na raha yake ni kwamba unaweza kuwa na visanduku kadhaa, kimoja cha taarabu, kingine cha kwaya. Shida ni kukipata kisanduku chenyewe. Cha kampuni moja mara nyingi hakiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na kikivunjika mashine imekwisha kazi. Kama huyo kijana anacho kimoja tu, achana nayo.

Sinia la diski 5 unaliona lote likitoka. Ndani lina mota chache, gia kubwa na mkanda wa mpira mmoja au miwili. Mpira ukilegea kwa joto na uzee, sinia linasita au halifunguki, na fundi yeyote wa redio anaubadilisha. Diski 5 za dakika 60 ni saa tano za muziki, jioni yako yote hiyo. Mashine nyingi za sinia pia hukuruhusu kubadilisha diski nyingine huku moja inapiga.

Sasa majaribio, na hapa usione haya kumsumbua muuzaji. Kama una ndugu Dar, aende na sidii tatu: moja halisi iliyojaa, ya dakika zaidi ya 70, moja ya kuchomwa, na moja yenye mikwaruzo. Ile ndefu aruke moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho. Sidii husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mashine yenye reli zilizokauka grisi itapiga wimbo wa kwanza vizuri kabisa na kukwama kwenye wa mwisho. Wauzaji hupenda kukuonyesha wimbo wa kwanza. Kisha ajaribu matundu yote matano, na aiache ipige saa nzima mpaka ipate joto.

Aulize pia kama jicho limewahi kuguswa. Kuna mafundi wanaozungusha skrubu ndogo pembeni ya jicho ili kuliongezea nguvu. Linasoma vizuri kwa muda, kisha linakufa moja kwa moja. Jicho chafu husafishwa kwa pamba na spiriti, basi.

Kuhusu diski za wanao: zilizochomwa kama muziki wa kawaida, kwa kawaida zitasomwa. Zilizochomwa kama faili za MP3 hazitapiga kama mashine haikuandikwa MP3 usoni. Zile zinazofutika na kuandikwa upya hurudisha mwanga kidogo sana, na mashine nyingi za miaka ya tisini hazizioni kabisa.

Umeme. Mashine iliyouzwa Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na yetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani transfoma yake inaungua. Dawa ni transfoma ya kushusha, na ya wati 100 inatosha kwa sababu mashine hizi hula umeme kidogo. Mwendo wa diski hautabadilika, kwani mota yake haifuati mapigo ya umeme wa ukutani kama zilivyo baadhi ya mashine za santuri.

Kwenye amplifaya chomeka tundu la CD au AUX. Usiguse lililoandikwa PHONO. Hilo ni la sindano ya santuri yenye umeme hafifu mno, na ukichomeka sidii hapo utasikia kelele za kukwaruza.

Mzigo ukija kwa treni au basi, diski zisibaki ndani. Baadhi ya mashine zina skrubu za safari chini ya tumbo: zikazwe kabla ya kufungwa kwenye boksi, na uzilegeze kabla ya kuwasha. Hapo Ujiji kuna unyevu wa ziwa, iweke juu ya meza mbali na ukuta, na uifunike kitambaa ikishapoa.

Kabla hujatuma hela, mwambie kijana akupigie picha ya kibandiko cha nyuma kinachoonyesha volti. Akikuzungusha kwenye hilo, tafuta muuzaji mwingine.