Je, ni lazima nimpe kila anayeniomba njiani?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Nina kiduka cha leso Biashara Street, hapa Mombasa, na nyumbani ni Likoni. Kutoka dukani mpaka feri sipiti jioni hata moja bila kuombwa. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni, kuna watoto wa mitaani na chupa zao za gundi, kuna mateja, hao walionaswa na dawa za kulevya. Kijana mmoja aliniomba nauli ya kurudi kwao Kwale, nikampa. Wiki chache baadaye akaniomba nauli ile ile kwa maneno yale yale, wala hakunikumbuka. Tangu siku hiyo moyo umekuwa mzito. Mume wangu asema kuwapa ni kuwaharibu, nami nikipita bila kutoa silali vizuri. Je, napata dhambi nisipotoa? Nikitoa naye akaenda kununua unga wa kulevya, nitakuwa nimeshiriki? Na je, naweza kuzihesabu pesa hizi katika zaka yangu?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Kukosa usingizi kwa sababu ya mtu uliyempita njiani ni dalili ya moyo ulio hai, na sipendi jibu langu likuondolee hilo. Ninalotaka ni kukuondolea mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakukutwika.

Hupati dhambi kwa kutompa kila anayekuomba. Sadaka ya hiari ni ya hiari. Ila ukimkuta mtu ameanguka kwa njaa, au mgonjwa asiye na wa kumwinua, nawe una uwezo wa kumwokoa, hapo hiari imekwisha na imekuwa wajibu. Nje ya hali hiyo, jambo ambalo umekatazwa waziwazi ni kumkaripia mwombaji. Katika Suratu Dhuha, Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba alikuwa yatima akapewa makazi, na alikuwa fukara akatoshelezwa. Kisha anamwambia: basi yatima usimwonee, na mwenye kuomba usimkemee. Tazama kwamba katazo hilo halikusubiri kwanza ithibitike kuwa mwombaji ni mkweli.

Hapa nasema kwa uchungu. Nimeona mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa mlinzi akiwafukuza kina mama kwa fimbo, mmoja akiokota sarafu zake zilizotawanyika kutoka kwenye leso aliyoitandika, na huko ndani khutba inaendelea. Kamati ya msikiti ina haki ya kupanga mlango usizibwe. Haina haki ya kumwinulia fimbo mja wa Mwenyezi Mungu aliyekaa chini na kunyoosha mkono.

Namna ya kukataa nayo tumefundishwa. Katika Suratul Israa tumeamrishwa kumpa haki yake jamaa, maskini na msafiri, na tukakatazwa ubadhirifu. Kisha ikaja aya ambayo wengi wetu tunaipita haraka: ukilazimika kuwageukia upande mwingine hali unatarajia rehema ya Mola wako, basi waambie neno jepesi. Aya inayofuata inasema usiufunge mkono wako shingoni, wala usiukunjue wote ukabaki mwenye kulaumiwa na kuishiwa. Kwa hivyo mwenye kukataa pia ana ibada yake, nayo ni ulimi. Mtazame usoni, itika salamu yake, mwambie, "Nisamehe mama, Mwenyezi Mungu akufungulie." Lakini usimwambie "leo sina" hali mkoba umejaa mauzo ya siku nzima. Huo ni uongo, nasi tumeuzoea mpaka hatuusikii tena.

Sasa yule kijana wa nauli ya Kwale. Imepokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, kutoka kwa sahaba wake Abu Hurayra, kisa cha mtu aliyesema: usiku huu nitatoa sadaka. Akatoka, akaiweka mkononi mwa mwizi bila kujua. Kulipokucha watu wakawa wanazungumza: jana amepewa sadaka mwizi! Akasema: Ewe Mola, sifa njema ni zako. Akatoka tena, ikaangukia mikononi mwa mwanamke mzinifu. Watu wakazungumza, naye akamhimidi Mola wake. Mara ya tatu ikafika kwa tajiri. Kisha akajiwa, akaambiwa: huenda mwizi yule akajizuia na wizi wake, na mwanamke yule akajizuia na zinaa yake, na tajiri akazingatia akatoa katika alivyopewa.

Mtu yule, dada yangu, alidhania sadaka zake tatu zote zimepotea, na hakuna hata moja iliyopotea. Alikosea aliyempa, lakini hakukosea aliyemkusudia. Nauli uliyoitoa mara ya kwanza umekwisha kuandikiwa kwa nia yako, na uongo wa kijana yule hauwezi kuifuta. Uongo ule yeye ndiye wa kuulizwa, na onyo lake ni zito. Mtume amesema kuwa anayewaomba watu mali zao ili kujilimbikizia, anaomba makaa ya moto, basi apunguze au azidishe. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Ametaja vilevile watu watatu ambao ni halali kwao kuomba: aliyebeba dhamana ya kusuluhisha watu, aliyepatwa na msiba ukaangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka wenye akili katika watu wake wakamshuhudia. Ukimtambua kijana yule kwa mara ya tatu, unaweza kumwambia kwa upole kuwa unamkumbuka, na kwamba nauli ulikwisha kumpa. Usimtangaze mbele ya watu. Na usimfanye yeye kuwa kipimo cha kila anayekuja baada yake, kwa sababu wapo ambao kweli wamekwama mjini na hawana nauli.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kuwa anayedai ufukara hatakiwi kuleta ushahidi, isipokuwa ijulikane alikuwa na mali kisha akadai imepotea. Basi usijigeuze askari wa upelelezi pale feri.

Swali la unga ni zito zaidi. Wanazuoni wametofautisha kati ya kushuku na kujua. Ukimshuku tu mtu kwa sababu nguo zake ni chafu na macho yake ni mekundu, hukatazwi kumpa, na akienda kuharibu hukushiriki. Lakini ukijua, au ishara zikawa wazi mpaka dhana ikawa na nguvu, hapo kumpa pesa mkononi hakufai, kwani tumeamrishwa tusaidiane katika wema na wala tusisaidiane katika dhambi. Mtu aliyeshikwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, huhitaji kumfanyia uchunguzi: jua kali nawe unamwona anatetemeka, kamasi zamtoka, hawezi kusimama pahali pamoja. Shilingi hamsini yako inakwenda moja kwa moja kwa muuzaji.

Je, umpite tu? Hapana. Katika Suratu Nisaa tumekatazwa kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na papo hapo tukaambiwa tuwalishe, tuwavishe, na tuwaambie maneno mema. Aya ile imekuja kwa walezi na mali walizo nazo mikononi, lakini adabu yake yatufaa hapa. Mkono umezuiliwa pesa, haukuzuiliwa chakula. Mwagizie chai yenye sukari nyingi na mahamri mawili, umlipe wewe mwenyewe mwenye kibanda. Na ukipata nafasi ya kusema naye akiwa ametulia, mwambie kuwa hapa Pwani kuna kliniki za kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, Kisauni ikiwamo. Mateja hawa wana mama zao Majengo, Kibokoni na huko huko kwenu Likoni. Wengine tulisoma nao chuo cha Qurani, tukakariri juzuu amma, ile ya mwisho, kwa sauti moja. Ulevi huo ni haramu na ni maradhi pia, na anayeumwa haombewi laana.

Watoto ni jambo jingine kabisa. Mtoto mwenye chupa ya gundi, au aliyekalishwa kandokando ya njia huku mtu mzima akimchunga kutoka mbali na kukusanya anachopewa, usimtilie pesa. Kila sarafu inamfunga zaidi pale barabarani, na faida si yake. Mpe chakula, na uhakikishe anakila mbele yako. Ukiona dalili kuwa anatumiwa au anateswa, piga 116, ndiyo laini ya kusaidia watoto nchini, nayo ni ya bure. Kupiga simu hiyo ni sadaka kubwa kuliko ile ya mfukoni.

Yule mama mwenye mtoto mgongoni, mimi ningempa. Mama Aisha, mke wa Mtume, alijiwa na mwanamke mwenye mabinti wawili akiomba, naye hakuwa na kitu ila tende moja. Akampa. Mama yule akaipasua vipande viwili, akawapa wanawe, yeye mwenyewe hakula. Bi Aisha hakuona haya kutoa tende moja, basi usione haya na shilingi yako kumi.

Na kwa kuwa unapita peke yako magharibi ikikaribia, tahadhari si ubakhili. Usifungue mkoba katika msongamano wa feri. Tenga sarafu zako kando unapofungua duka asubuhi, kwa nia ya sadaka, kiasi unachokimudu. Zikiisha, zimeisha, na hapo unapomwambia mtu huna kitu cha kumpa katika sadaka ya leo, unasema kweli. Serikali ilipowahesabu watu wa mitaani mwaka 2018 ilipata 46,639 Kenya nzima, na 7,529 kati yao walikuwa hapa Mombasa. Hakuna kiduka cha leso kitakachowatosha hao.

Ndiyo maana kukawa na zaka, na hapa uwe mwangalifu zaidi. Sadaka ya hiari unaweza kumpa Muislamu na asiye Muislamu, mwema na muovu, hata tajiri. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratu Tawba, na katika madhehebu yetu hapewi asiye Muislamu. Tena inataka uitoe kwa nia ya zaka. Sarafu ulizozitoa miezi iliyopita bila nia hiyo zimekuwa sadaka, na huwezi kurudi nyuma ukazihesabu. Watu wawili wenye nguvu walimwomba Mtume fungu la zaka katika Hija ya kuaga. Akawatazama juu na chini, akawaambia: mkitaka nitawapa, lakini hana fungu humo tajiri wala mwenye nguvu za kuchuma. Kwa hiyo zaka yako usiimwage njiani kwa ajili ya kuona haya. Itafutie anayeistahiki.

Naye mara nyingi haombi. Mtume amesema maskini si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mawili, bali ni yule asiyepata cha kumtosheleza, wala watu hawamtambui wakampa sadaka, wala hasimami kuomba. Anza na mtaa wako wa Likoni. Uliza kwa siri nani amefungiwa nyumba kwa kodi, nani amerudishiwa watoto kwa karo, mjane gani siku hizi hawashi jiko mpaka jioni. Hao wakipewa kitu cha maana kwa pamoja, mtu na mtaji wake wa kuuza viazi karai au mkate wa mofa, huenda wasifike kukaa kandokando ya njia kamwe. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Omar, khalifa wa pili, alimkuta mzee Myahudi, kipofu, anaomba milangoni. Akamuuliza kilichomfikisha hapo, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza baytulmal, yaani hazina ya Waislamu, amtazame yeye na walio mfano wake. Misikiti yetu inayokusanya zaka kila Ramadhani iweke daftari la aina hiyo, na watu wa kulifuatilia mwaka mzima.

Limebaki la mume wako. Hofu yake ya kuwaharibu watu ina msingi, na katika habari ya unga na ya watoto nimekubaliana naye. Lakini pesa za duka lako ni mali yako, nawe una haki ya kutoa sadaka humo. Ukitaka kutoa katika pesa alizokupa yeye za matumizi, basi kwa idhini yake, iwe ya kutamkwa au ile inayojulikana kwa desturi ya nyumba yenu. Na mwambie hadithi ya Bi Aisha, iliyomo katika Bukhari na Muslim: mwanamke akitoa katika chakula cha nyumba yake bila kuharibu, anapata ujira wake kwa kutoa, na mumewe anapata wake kwa kuchuma.

Wallahu aalam.