Maswali na Majibu: Muziki wa Transfoma, Mfongo na Mashine ya Kusaga

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Pasua, Moshi, na ninatengeneza muziki peke yangu chumbani, bila studio wala produsa. Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikirekodi kwa simu maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kijijini kwa babu, mashine ya kusaga na transfoma iliyo karibu na nyumba yetu, kisha ninazikata sauti hizo, ninazipunguza kasi na kuzipanga katika kompyuta. Wenzangu husema hizo ni kelele tu kwa sababu hazina biti. Isitoshe, sauti ya mfongo, ambayo ukiwa pale ni nzuri mno, kwenye simu inasikika kama maandazi yanayokaangwa, halafu inafifia yenyewe. Je, ninachofanya ni muziki? Na nitapataje sauti safi bila fedha nyingi?

JIBU: Marahaba, kijana. Nianze na transfoma, kwa kuwa ndani yake imo biti wanayoidai wenzako. Umeme wetu una masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma kilichomo katikati ya transfoma hujinyoosha na kujirudi mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo mngurumo unaousikia una mitetemo 100 kwa sekunde. Noti ya pili ya G, ukishuka kutoka C ya katikati ya kinanda, ina mitetemo 98. Iache rekodi yako ingurume, kisha ushikilie noti hiyo kwa sauti ya ogani, na utasikia sauti hizo mbili zikivutana, zikivimba na kunywea mara 2 kila sekunde. Hayo ni mapigo 120 kwa dakika, mwendo unaochezeka kabisa, na hakuna ngoma hata moja iliyopigwa. Tena masafa ya umeme hayatulii mahali pamoja: mahitaji yakizidi uzalishaji hushuka kidogo, na yakifika 49.9 mapigo yako nayo yatashuka hadi 108. Rekodi saa moja jioni, kisha rekodi saa nane usiku, uone kama utapata mwendo uleule.

Ila waage majirani kwanza. Niliwahi kusimama chini ya transfoma moja hapa mjini, kinasa sauti mkononi na hedifoni masikioni, nisijue kwamba mlinzi wa jirani alikwisha kunihesabu miongoni mwa wezi wa mafuta ya transfoma. Rekodi hiyo ninayo hadi leo. Baada ya dakika tatu za mngurumo linasikika rungu likigonga nguzo, likifuatwa na swali ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha.

Kuhusu kama huo ni muziki, mwaka 1944 jijini Cairo kijana mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi wa kilimo, Halim El-Dabh, aliazima kinasa sauti cha waya, yaani kinachonasa sauti kwenye waya mwembamba wa chuma, kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi zaar, ambayo kwa lugha yetu tungeiita ngoma ya kupunga pepo. Aliporudi studio hakuridhika na kile alichokinasa. Alizipitisha sauti za wanawake waliokuwa wakiimba katika ngoma hiyo katika vyumba vya mwangwi, akaondoa sehemu zilizozitambulisha kuwa ni sauti za watu, hadi ukabaki uvumi unaoelea bila kinywa kilichoutoa. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, redio ya Paris ilirusha kazi za Pierre Schaeffer, mojawapo ikiwa imeundwa kwa sauti za treni, na wapo wanaoianza historia ya muziki huu hapo. Mimi naona wanaianzia katikati. Kutoka kwa majirani zetu wa Nairobi, msanii anayeitwa KMRU hujenga kazi zake juu ya sauti za mazingira. Nao wenzako wanaokudai biti, bila shaka wanaicheza singeli ya Dar es Salaam, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika na ambayo mafundi wake wa mwanzo walikuwa wakikata vipande vya taarabu na mchiriku na kuviongezea kasi, yaani kazi ileile unayoifanya wewe, isipokuwa wao wanakimbia na wewe unatembea.

Hata hivyo sitakuficha kitu. Kazi nyingi za aina hii ninazoletewa na vijana zina kasoro moja: mwangwi umemwagwa juu ya kila sauti, hata mfongo, soko na kengele ya kanisa vyote vinasikika kama vimo ndani ya pango moja. Rekodi ya mfongo ikiachwa ilivyo ni kumbukumbu ya mfongo, na ikizamishwa katika mwangwi ni kumbukumbu ya programu ya kompyuta. Nenda kwa babu siku ya zamu yake ya maji. Rekodi mfereji ukiwa bado umezibwa na maji yakipita pembeni. Rekodi dakika ile kizibo kinapoondolewa na maji kuingia kihambani, yaani shambani kwa babu, kwanza yakigonga udongo mkavu, kisha yakinyamaza kadiri udongo unavyoshiba. Halafu rekodi yanapofungwa tena ili yaende kwa jirani. Hapo umeshapata mwanzo, kilele na mwisho, na hujagusa kitufe chochote.

Sasa maandazi. Simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo, na programu yake huhesabu kila sauti isiyobadilika, kama vile maji au mngurumo, kuwa kelele za nyuma ya msemaji, hivyo huipunguza. Wakati huohuo hupandisha sauti kukiwa kimya na kuishusha kukiwa na kishindo, na ndiyo maana mfongo wako ulififia bila mtu kuugusa. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima usafishaji huo, uchague faili la WAV, lisilobana sauti, na sampuli 48,000 kwa sekunde. Chaneli moja itakula karibu megabaiti 6 kwa dakika, kwa hiyo futa picha zako mapema. Upepo uzuie kwa kuivisha simu soksi ya sufi. Usirekodi chini ya dakika tano, wala usiishike simu mkononi, kwa sababu vidole navyo vina sauti.

SWALI: Nilirekodi akina mama wa Kimasai wakiimba kwenye sherehe huko Monduli, nikaikata rekodi na kuichanganya na sinthesaiza, ala ya kielektroniki inayounda sauti. Rafiki yangu anasema wimbo wa jadi hauna mwenyewe, hivyo niko huru kuuza. Je, ni kweli? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Rafiki yako anakupoteza, ndugu yangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, inamlinda pia mwimbaji kwa namna alivyoimba, hata kama wimbo wenyewe ni wa mababu, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake. Kabla ya kuuza, fika kwa maofisa wa COSOTA ukiwa na rekodi yako, wakueleze taratibu zilivyo sasa.

Lakini mimi ningeanzia Monduli. Kukubali kurekodiwa ni jambo moja, na kukubali sauti yako ikatwe, irudishwe nyuma na kufungwa kwenye mashine ni jambo jingine, na mara nyingi sisi huomba ruhusa ya kwanza tukajifanya tumepewa ya pili. Rudi ukiwa na spika, wapigie akina mama hao kazi iliyokamilika, wasikilize hadi mwisho. Wakicheka, wacheke. Wakikubali, mapatano ya fedha yasemwe hapohapo kwa Kimasai na uyarekodi. Wakikataa, hiyo sehemu itoke, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote.

SWALI: Nina shilingi laki tatu. Ninunue sinthesaiza ya mtumba? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Kama kompyuta yako inawaka, hapana. Audacity na Pure Data hazina malipo. Ya kwanza inakata na kupanga, ya pili inakuwezesha kuunda sinthesaiza yako mwenyewe, ingawa itakutoa jasho kwa wiki chache. Nunua hedifoni nzuri. Halafu nenda kwa fundi redio umwombe kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya kengele mbovu ya kielektroniki, akitie lehemu kwenye waya wenye jeki. Kisahani hicho husikia mtetemo wa kitu kilichogusana nacho, wala si hewa: kibandike kwenye fremu ya mashine ya kusaga, mbali na mkanda na kwa idhini ya mwenyewe, nawe utasikia chuma kinavyofanya kazi bila makelele ya wateja. Masika yakikaribia kibandike chini ya bati, kila tone litakuja peke yake. Ila upitishe waya mahali pasipovuja, maana mimi nilipoteza kinasa sauti kimoja kwa uzembe huo.