Ames peke yake haitoshi kwa chembe za nano

Unauliza kama kipimo cha Ames (cha kuona kama kitu kinabadilisha DNA) kikitoka hasi umeshamalizana na titani dioksidi yako ya nano, yaani ya chembe ndogo mno. Hapana, bado. Kipimo hicho hutumia bakteria, na ukuta wa bakteria huzuia chembe nyingi zisipenye. Huenda hiyo hasi inasema tu kwamba chembe ziliishia mlangoni. Kwa kemikali ya kawaida inayoyeyuka, sawa, anza nacho.

Kwa nano, mtaalamu unayetaka kumlipa mwulize kuhusu kipimo cha mikronukliasi (viini vidogo vinavyotokea kando ya kiini cha seli kromosomu zikiharibika) kwenye seli za mamalia (mwongozo namba 487 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo). Swali la mtego: sitokalasini B, kemikali ya kuzuia seli isikamilishe kugawanyika kuwa mbili, anaiweka lini? Akisema anaiweka pamoja na chembe tangu mwanzo, mtilie shaka, maana inapunguza uwezo wa seli kumeza chembe. Huwekwa baadaye. Tena akuonyeshe kwamba chembe ziliingia kweli ndani ya seli.

Akifanya na kipimo cha kometi (kinachopima kukatika kwa DNA), mwanga upunguzwe. Titani dioksidi ikipigwa na mwanga inaweza kuharibu DNA palepale kwenye slaidi, ukaishia kupima taa ya maabara.