Salesforce: usimrundikie mtumiaji mmoja akaunti zote

Usiguse kitu kwanza, mkuu. Umeuliza kuhusu dashibodi ya Salesforce, mfumo wa kutunza taarifa za wateja, kuwa nzito, na kwamba Jumamosi unahamishia akaunti laki mbili (rekodi za wateja) zilizokuwa za mawakala walioondoka kwa mtumiaji mmoja wa bandia, umpe cheo (nafasi kwenye mti wa vyeo, ambamo wa juu huona rekodi za wa chini) chini ya meneja wa kanda, kisha ufanye akaunti ziwe za faragha, zisionwe na kila mtu. Hicho cheo ndicho kitakachokukwamisha.

Salesforce wenyewe wanashauri mtumiaji mmoja asimiliki zaidi ya rekodi 10,000 za aina moja. Akaunti zikishakuwa za faragha, ruhusa za ziada huandikwa mstari kwa mstari kwenye jedwali la AccountShare. Siku utakapomhamisha huyo wa bandia kwenda kanda nyingine, au kumtoa kwenye kundi linalotumiwa na kanuni ya kushirikisha (ile inayowafungulia watu wengine rekodi za kundi fulani), mfumo unalazimika kufuta na kuandika upya ruhusa za akaunti zote laki mbili, pamoja na za mameneja walio juu yake. Hesabu hiyo ikiendelea, mabadiliko mengine ya vyeo na makundi yanaweza kugonga kufuli (kizuizi cha muda kwenye data inayobadilishwa) na kukataliwa.

Basi kwenye cheo chake acha wazi kabisa. Kama kuna sababu ya lazima ya kumpa, mtengenezee cheo chake peke yake kileleni mwa mti wa vyeo, asihamishwe tena, na asiingie kwenye kundi lolote ambalo ni chanzo cha kanuni ya kushirikisha. Bora zaidi, wagawie watu kadhaa hizo akaunti. Angalia waliokwisha kuvuka kiwango hicho kwa ulizo hili la SOQL, lugha ya Salesforce ya kuulizia data:

SELECT OwnerId, COUNT(Id) FROM Account GROUP BY OwnerId HAVING COUNT(Id) > 10000

Wanaonikera ni washauri wanaokuuzia huo mpango wa mtumiaji mmoja halafu wanaujaribu wakiwa wameingia kama msimamizi. Mwenye ruhusa ya kuona data yote hapitii ukaguzi wa kushirikisha hata kidogo! Kwake ripoti inafunguka papo hapo. Wakala wa kawaida anasubiri hadi muda unaisha. Ingia kama wakala ndipo upime, na upimie kwenye mazingira ya majaribio yenye data kamili.

Kabla ya Jumamosi, waombe huduma kwa wateja wa Salesforce wakufungulie uwezo wa kuahirisha hesabu za kushirikisha. Unaahirisha, unafanya mabadiliko yote, unarudisha, inakokotolewa mara moja tu badala ya kila badiliko. Hadi hesabu iishe ruhusa za watu hazitakuwa sahihi, kwa hiyo mawakala wasiwe kazini.

Na usije ukawaning'iniza wateja wote wasio na kampuni chini ya akaunti moja ya "Wengineo". Kiwango kinachoshauriwa ni kilekile, rekodi 10,000 chini ya mzazi mmoja, yaani akaunti moja inayobeba rekodi nyingine. Ukiingiza data kwa mafungu yanayokwenda sambamba utaona UNABLE_TO_LOCK_ROW, kwa kuwa kila fungu linagombania kufuli ya mzazi yuleyule. Panga faili kwa AccountId (namba ya akaunti mzazi) kwanza, watoto wa mzazi mmoja wakae fungu moja.